Vumbi la Safari Mezani Petu

Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa watu watatu tukikutana kila Jumamosi jioni jikoni kwa mwenzetu mmoja, hapa Midlands, Uingereza. Mmoja wetu ametoka Voi, wa pili Moshi, wa tatu Kampala. Sote tumeshavuka miaka hamsini, sote tulikuja ng'ambo kusomea uhandisi tukabaki, na sote tuna wake wasioelewa kwa nini watu wazima wafunge mlango ili washughulike na gari la mtoto. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica Twincam Turbo, lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1985, katika skeli ya 1/24. Likikamilika lina urefu wa kama sentimita 18 tu. Lilikuja ndani ya sanduku, vipande vyake vya plastiki vikiwa vimeshikana kwenye fremu kama matunda kwenye tawi, pamoja na karatasi ya maelezo na stika za kubandika kwa maji.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika hatua ya matope. Hapo tukagombana.

Wa Voi alisema matope ya Safari ni mekundu na hakuna mjadala, kwa sababu kila Pasaka aliyaona yakiruka mpaka kwenye ukuta wa duka la baba yake. Wa Moshi akasema marehemu baba yake aliyaona magari hayo zamani, wakati mashindano bado yanapita Tanganyika, na kwamba vumbi la tambarare za upande wa Arusha ni la kijivu kama jivu la jikoni. Wa Kampala, ambaye ndiye aliyepaka rangi bodi la gari kwa wiki sita, akasema atakayeligusa kwa tope la rangi yoyote atakiona cha mtema kuni.

Ugomvi huo ndio uliotufanya tuandike makala hii. Tulijiuliza: barabara zetu zilifikaje ndani ya sanduku lililotengenezwa nchi za mbali? Na ni kitu gani cha barabara hizo kilichobaki nje ya sanduku?

Tuanze na mashindano yenyewe, kwani vijana wetu waliozaliwa huku huenda hawayajui. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa na njia maalumu. Magari yalikimbia juu ya barabara zile zile za mabasi, malori na watu wenye baiskeli. Baadaye yaliwekwa wakati wa Pasaka, yaani masika, na masika ndiyo yaliyoyapa jina. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hii pia yakarudi 7. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, na tangu hapo Peugeot ikawa gari la kuheshimiwa na kila mwenye teksi Afrika Mashariki.

Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote kwa Mitsubishi Lancer. Naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa hiyo wa Kampala naye ana haki yake katika habari hii, ingawa sisi tulipopata akili mashindano yalikuwa yamekwishabaki Kenya peke yake.

Sisi wa kizazi hiki tuliyasikia kwanza kwa masikio. Redio ya Sauti ya Kenya ilitangaza nani amefika wapi, na wazee waliokuwa hawajali mpira wala ndondi walikaa karibu na redio wakiandika namba kwenye karatasi ya sukari. Wale tuliokaa kando ya njia tuliamka usiku. Kwanza uliona mwanga juu ya kilima, halafu ukasikia mlio, halafu kitu kikapita, na wewe ukabaki na vumbi kinywani. Gari lenyewe hukuliona sawasawa. Mtoto aliyetaka kulijua ilimbidi alijenge.

Lakini kabla ya kufika kwa mtoto huyo, tuone walivyolijenga wengine.

Mwaka 1965 kampuni ya Corgi Toys ilitoa gari dogo la chuma lenye namba 256 kwenye orodha yake. Lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, nyekundu ya kuelekea chungwa, lenye maandishi ya East African Safari. Volkswagen walistahili, maana walikuwa wameshinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Corgi ilikuwa mali ya Mettoy, kampuni iliyoanzishwa Northampton mwaka 1933 na Philip Ullmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, na magari yake yalitengenezwa Swansea, Wales. Zinki iliyoyeyushwa ilisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikatolewa, ikapakwa rangi. Gari hilo lilikuwa na ujanja wa kupendeza: juu ya paa palikuwa na tairi la akiba, na ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanageuka. Na ndani ya sanduku, pamoja na gari, palikuwa na kifaru wa plastiki anayekuja kwa hasira.

Mwenzetu mmoja aliliona gari hilo kwenye soko la vitu vikuukuu, akaulizwa bei ambayo hatutaitaja kwa sababu mkewe husoma jarida hili. Hakulinunua, lakini alilishika na kulitazama vya kutosha. Kwa mtoto wa Swansea au Leeds wa mwaka ule, Afrika Mashariki ilikuwa kifaru mmoja na barabara. Watu hawakuwamo.

Magari ya Corgi yalikuja yamekwisha kuundwa. Utamaduni wa kuunganisha mwenyewe una historia yake. Hapa Uingereza kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, Mhungaria, ilitengeneza trekta dogo la Ferguson mwishoni mwa miaka ya 1940 ili wauzaji wa matrekta walionyeshe kwa wateja. Kuliunganisha kiwandani kukawa na gharama, basi wakaliuza katika vipande, mnunuzi aunganishe nyumbani.

Marekani ilikwenda mbele zaidi. Kampuni ya AMT ya Michigan nayo ilianza kwa magari madogo ya kuwekwa kwenye meza za wauza magari. Mwaka 1958 ikatoa seti za skeli ya 1/25 ambazo ndani ya sanduku moja zilikuwa na njia tatu: uliunganishe gari kama lilivyotoka kiwandani, au la mashindano, au ulibadilishe upendavyo. Hii njia ya tatu ndiyo iliyoleta kishindo. Mvulana wa miaka 13 asiye na leseni aliweza kulishusha gari, kulikata paa, kulitia injini ya gari jingine na kulipaka rangi isiyokuwepo duniani. Malori yalifuata: lori la Peterbilt la skeli ya 1/25 lilianza kuuzwa karibu na mwaka 1970, na mpaka leo wapo watu wazima wanaotengeneza trela zake kwa vipande vya plastiki vya kukata wenyewe, bila sanduku lolote.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo sisi wahandisi hatuwezi kulipita. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, idara ya Fisher Body ya kampuni ya General Motors iliendesha shindano la wavulana la kutengeneza vyombo vidogo kwa mikono. Mwanzoni walitakiwa kuiga gari la farasi la kifalme lililokuwa nembo ya kampuni. Baadaye wakatakiwa kubuni gari lao wenyewe katika skeli ya 1/12. Zawadi ilikuwa fedha za kusomea chuo kikuu. Mwaka 1947 alishinda kijana aitwaye Chuck Jordan. Alisomea uhandisi MIT, akaajiriwa General Motors, na mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni hiyo mwenye dhamana ya ubunifu wa magari. Wasichana hawakuruhusiwa, na hilo ni doa. Lakini fikirini: kampuni kubwa kuliko zote ilikaa ikatafuta vidole vya watoto wa nchi nzima, ikavipima, ikavilipia shule.

Sasa tuje Japani, maana sanduku letu linatokana na mapenzi ya Wajapani kwa Safari. Mkoa wa Shizuoka ndio makao ya Tamiya, Hasegawa na Aoshima, kampuni tatu ambazo kila mpenzi wa modeli anazijua. Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikatengeneza modeli za mbao, na ikaingia kwenye plastiki mwaka 1960. Inasimuliwa katika kumbukumbu za kiongozi wake, Shunsaku Tamiya, kwamba katika miaka ya 1970, walipotaka kutengeneza Porsche ya skeli ya 1/12 iliyo sahihi, walinunua Porsche 911 halisi wakaifungua kipande kwa kipande ili waipime. Sisi tuliosomea ufundi tunajua uzito wa jambo hilo. Huwezi kukipunguza kitu usichokijua, kwa hiyo mwenye kupima kwanza hujifunza.

Na kwa nini Safari? Kwa sababu viwanda vya Japani viliifanya Safari kuwa shule na cheti. Gari lililokubali mawe, mashimo na mito ya kwetu lingekubali barabara yoyote ya mteja yeyote. Mwaka 1969 filamu ya Kijapani kuhusu Datsun na Safari ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema, mchezaji mkuu akiwa Yujiro Ishihara, nyota mkubwa wa wakati huo. Mwaka uliofuata, 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, ambayo Japani inaitwa Bluebird. Mwaka 1971 wakashinda tena kwa Datsun 240Z. Ile Bluebird ya 1970 ilitengenezwa na Hasegawa katika skeli ya 1/24, na mtu wa Osaka au Oslo anaweza kuiunganisha mezani kwake bila kujua Voi iko wapi.

Celica yetu inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1985 Juha Kankkunen, Mfini aliyekuwa hajawahi kushindana Safari, alishinda na msaidizi wake Fred Gallagher. Gari lao liliandaliwa na timu ya Toyota iliyokuwa Cologne, Ujerumani, chini ya Ove Andersson, ambaye mwenyewe alishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Lilikuwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, katika miaka ambayo Audi walikuwa wamekwishaonyesha faida ya magurudumu yote manne. Likashinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Miaka ya 2010 kampuni ya Beemax ikatoa seti yake.

Basi haya ndiyo yaliyomo ndani ya sanduku. Sasa tuseme yaliyobaki nje.

Katika miaka hiyo hiyo, kando ya barabara hizo hizo, watoto walikuwa wakijenga magari. Hawakuwa na plastiki wala gundi wala stika. Fremu ilikuwa ya seng'enge iliyookotwa mahali fulani ambapo mwenye uzio hakuulizwa. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala kuukuu. Wengine mnasema malapa au patipati. Waliokosa ndala walitumia vizibo vya soda, na waliokosa vyote walitumia mabua. Bodi lilikuwa kopo la Kimbo lililokatwa na kunyooshwa kwa jiwe. Usukani ulikuwa duara la waya kwenye fimbo ndefu, ili dereva akimbie amesimama wima nyuma ya gari lake.

Na watoto hao nao walibadilisha magari yao wapendavyo, bila kusikia habari za AMT. Mwezi wa kawaida gari lilikuwa lori la Fiat lenye trela la mafuta, maana ndilo lililopita kila siku kuelekea bara. Pasaka ikikaribia, lori lilifumuliwa likawa Datsun. Lilitiwa namba kwa mkaa, taa nne za vizibo, na vizuia matope vya mpira wa baiskeli. Walioona vizuri waliongeza fito za mbele za kukinga wanyama. Mmoja wetu alikumbuka kwamba waligundua wenyewe, bila mwalimu, kuwa magurudumu ya mbele yakiwekwa wima kabisa gari haliendi moja kwa moja; lazima mhimili wake uinamishwe nyuma kidogo. Alikuja kufundishwa jambo hilo chuo kikuu baada ya miaka kumi, kwa hesabu, na alipolisikia alitabasamu peke yake darasani.

Magari hayo yako wapi? Hakuna hata moja. Hakuna aliyeyapima wala kuyachora, na hakuna kampuni iliyokuja kutafuta vidole vile. Waya ulirudi kwenye uzio au ukawa wa kuanikia nguo. Sisi watatu tulipata bahati ya shule na nauli. Wenzetu wengi waliotushinda kwa mbali katika ufundi huo hawakupata, na wengine wamekwishatangulia mbele ya haki.

Haya tuliyaongea usiku wa ugomvi wa matope, na tukaona tusiamue wenyewe. Tukamwalika Mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, ambaye miaka ya 1970 na 1980 alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye gereji moja Nairobi. Wakati wa Safari gereji hiyo ilituma mafundi wake njiani kusubiri magari. Alikuja na fimbo yake na koti zito.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Nionyesheni hilo gari lenu."

Alilichukua akalisogeza karibu na jicho lake moja linaloona. Alilipindua, akatazama chini kabla ya juu, kama afanyavyo fundi. Tulimweleza ugomvi wetu. Akacheka.

"Nyote mna haki," alisema. "Tope la Safari si la rangi moja. Gari likifika kwetu tulikwangua chini kabla ya kuchomelea, kwa sababu chuma kichafu hakishiki. Ukikwangua unaliona tabaka kwa tabaka. Jeusi, halafu jekundu, halafu jivu. Dereva hakuwa na haja ya kutuambia alikopita."

Tulinyamaza. Miezi miwili tulikuwa tumesoma picha na vitabu, na hakuna kilichotuambia hivyo. Mzee aliliweka gari mezani taratibu, akalitazama tena.

"Zuri," alisema. "Lakini liko peke yake. Safari gani hii ambayo gari liko peke yake?"

Akatusimulia. Gari lilipoingia kituoni watu watano walikuwa chini yake kwa wakati mmoja, mmoja kwenye shokapu, mmoja kwenye breki, mmoja ameshika taa. Mama mmoja aliuza chai kwa mafundi usiku kucha. Watoto walileta maji ya rejeta kwa madebe. Na kule mitoni, alisema, kila mwanakijiji aliingia majini kusukuma. "Nyuma ya magari mengi kulikuwa na vishikio na vikanyagio, ili msaidizi apande aruke-ruke gari litoke kwenye tope. Lakini mtu mmoja hatoshi. Wengi walimaliza Safari kwa sababu walisukumwa na watu ambao hakuna aliyewauliza majina."

Basi tulianza upya.

Kwanza matope. Hapa tulipata somo la skeli ambalo twapenda kuwashirikisha. Gari la tani moja likipunguzwa mara 24 kwa urefu, hupungua mara 24 tena kwa upana na mara 24 tena kwa kimo, yaani mara 13,824. Kama lingekuwa la vitu vile vile lingekuwa na uzito wa gramu 72, kama yai dogo na nusu. Kila kitu kinakubali kupunguzwa, isipokuwa vumbi. Wa Voi alikuwa amerudi likizo na viatu ambavyo soli zake zilikuwa bado na vumbi jekundu la nyumbani, akalikung'uta juu ya gazeti kwa heshima. Tulilipaka, na gari likaonekana limemwagiwa kokoto. Punje ya mchanga ya nusu milimita, katika skeli yetu, ni jiwe la sentimita 1.2. Ilibidi tusage chaki za wachoraji, nyeusi, nyekundu na za kijivu, tuzichuje kwenye soksi nyembamba, na tuzipake tabaka kwa tabaka chini ya gari kama Mzee alivyosema. Juu, rangi ya wa Kampala ilibaki inang'aa. Kila mtu akaridhika.

Kisha fito za mbele. Za plastiki tuliziona nene mno, kwa hiyo tulizikunja upya kwa waya wa shaba na kuzilehemu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukunja waya wa gari baada ya miaka arubaini, na vidole vilikumbuka.

Mwisho tukatengeneza kipande cha barabara, na kando yake watu. Mafundi wawili wamechuchumaa. Mama wa chai na birika lake. Na mtoto mmoja mwenye gari la waya. Gari la mtoto lililokuwa na urefu wa sentimita 30 linakuwa milimita 12 na nusu. Fimbo ya usukani ya mita moja inakuwa sentimita 4. Tulitumia uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa taa, chini ya miwani ya kukuzia. Magurudumu yalikuwa ya milimita 2 na nusu, na tuliyatoboa kwenye ndala halisi kwa mrija mwembamba wa chuma, kwa kuwa tulikataa kuyatengeneza kwa kitu kingine chochote. Celica nzima ilituchukua miezi miwili. Gari la yule mtoto lilituchukua wiki tano, na mara tatu lilipotea sakafuni. Hakukuwa na karatasi ya maelezo, picha wala mchoro. Tulilijenga kwa kubishana na kukumbuka.

Tulipomwonyesha Mzee, hakuitazama Celica. Alimtazama yule mtoto, akauliza, "Amelitilia taa?" Tukamwambia ndiyo, vizibo vinne. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndugu wasomaji, Shekhar Mehta alifariki mwaka 2006, na Joginder Singh mwaka 2013. Wote wawili walifia London, si mbali na wengi wenu. Magari yao yatakumbukwa, kwa sababu yupo mtu aliyeyapima. Mashindano yenyewe yalitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021 huko Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota. Bila shaka na hayo yatatiwa kwenye masanduku. Lakini fundi aliyejua kusoma tabaka za tope, na mtoto aliyegundua mwenyewe mhimili wa gurudumu, hawatatiwa sandukuni na mtu mwingine. Hiyo ni kazi yetu, na muda wake si mrefu. Mzee wetu ana jicho moja tu.

Kwa hiyo tunaomba. Mwenye picha ya gari la waya, hata kama limeonekana pembeni tu ya picha ya harusi, ailete tuipime. Mwenye mzazi aliyefanya kazi gereji, akae naye jioni moja na kalamu. Na mwenye mtoto au mjukuu, wa kiume au wa kike, aje naye ukumbini siku ya mkutano wetu wa jumuiya. Celica itakuwa juu ya meza. Waya, koleo na ndala kuukuu tutaleta sisi.